Laptop bado mpya, kava limepasuka: la kufanya kabla hujashika gundi

Sauti yenyewe ni ndogo. "Kach." Mkono mmoja una kikombe cha chai, mwingine umekamata kona ya kulia ya kioo unainua, na kule nyuma, karibu na bawaba, plastiki inaachia. Laptop yangu ilikuwa na miezi minane. Haikuwahi kudondoka, haikukaliwa na mtoto, haikusafiri kwenye buti la basi. Kesho yake nikanunua supa gluu ya jero, nikaimimina, nikabana kwa kidole nikihesabu mpaka mia. Ikashika. Siku ya nne ikapasuka tena, safari hii ufa ukiwa mrefu mara mbili, na kioo kikawa kinapepesa kila nikikisogeza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumekua tukiambiwa. Mimi niliuziba, na ukuta nikaujenga vilevile. Kwenye laptop nyingi za leo plastiki ndiyo inayolia, lakini anayeipiga ni bawaba. Ukiziba bila kumshughulikia anayepiga, unanunua siku nne.

Acha kuifungua na kuifunga

Kila unapofungua, bawaba inachimba zaidi. Kwa hiyo iache laptop katika hali uliyoikuta. Kama iko wazi, ibaki wazi. Ukiizima, ifunike kanga isipate vumbi. Kama imefungwa na lazima uchukue kazi zako, weka kiganja kimoja juu ya plastiki iliyopasuka uikandamize isiinuke, mkono mwingine uinue kioo kutoka katikati, polepole, na kikishasimama wima usikiguse tena. Waya wa kioo, wa kamera na wa antena za Wi-Fi kwa kawaida hupita kandokando ya bawaba. Chuma kikiinuka kinaweza kuzibana au kuzikata, na hapo kazi ya kava inageuka kazi ya kioo.

Ikiwa bado inawaka, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje leo hii. Wenye Windows 11 waangalie pia kama diski imefungwa kwa BitLocker au kwa usimbaji wa kifaa, yaani kufuli za Windows zinazomfichia mafaili asiye na ufunguo. Ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48, na mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye karatasi. Fundi akigusa mipangilio ya BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine, laptop inaweza kuudai ikiwashwa, na usipokuwa nao mafaili hayafunguki.

Hakikisha si betri

Zipo nyufa zinazosukumwa kutoka ndani. Weka laptop juu ya meza iliyonyooka. Inayumba kama meza ya mguu mmoja mfupi? Padi ya kugusa imeinuka, au haibonyezeki? Kava la chini lina tumbo? Basi betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiendelee kuichaji "mpaka mwisho wa mwezi". Ipeleke ikatolewe. Mengine yote ya mwongozo huu yasubiri.

Picha na risiti vitangulie gundi

Hili ndilo kosa langu la pili, na ndilo lililoniuma zaidi. Laptop ya miezi minane kwa kawaida bado iko ndani ya waranti ya mwaka mmoja, na mtu ukishaweka gundi, dukani wanakuonyesha gundi hiyo hiyo kama ushahidi dhidi yako.

Piga picha ufa wenyewe kwa karibu, kisha kona zote nne za mashine, mgongo na tumbo. Picha za kona ni muhimu kuliko picha ya ufa. Jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba hayo ni maumivu ya kudondosha, na waranti haigusi maumivu ya kudondosha. Mashine iliyodondoka huwa na alama: kona iliyobonyea, mkwaruzo, rangi iliyotoka. Kama kona zako ni safi na ufa unaanzia kwenye bawaba, una hoja. Ieleze bila chumvi: "Nilikuwa nafungua kama kawaida, bawaba ya kulia ni ngumu kuliko ya kushoto, plastiki ikaachia. Hakuna alama ya kudondoka, picha hizi hapa." Tuma kwa maandishi, barua pepe au WhatsApp, upate kitu chenye tarehe. Usiishie kaunta.

Tafuta risiti, na kwa Tanzania iwe ile ya EFD, mashine ya risiti za kodi. Maandishi yake hufifia, kwa hiyo ipige picha nayo. Chukua namba ya mashine iliyoko tumboni uiangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji: waranti inaisha lini na inatambulika nchi gani. Zilizoletwa kutoka Dubai wakati mwingine zina waranti ya huko tu, na ni heri ulijue hilo kabla ya kupanda daladala mbili.

Duka likikataa, huna haja ya kugombana. Tanzania kuna Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Kama mashine ililetwa na ndugu aliyeinunua nchi ya Umoja wa Ulaya, muuzaji wa huko anabanwa na dhamana ya kisheria ya angalau miaka miwili, na hitilafu ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza inachukuliwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya kuuzwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Mwambie shangazi asitupe risiti.

Ikikubaliwa kwenye waranti, funga hapa. Yanayofuata ni ya waliokataliwa, au waliojikatalia wenyewe kwa gundi kama mimi.

Usome ufa

Ufa wa kona, mbali na bawaba, usiopanuka ukifungua kioo, ni wa kudondosha. Unachukiza macho, haubebi mzigo. Ufa unaozunguka tundu la skrubu tumboni umetokana na mtu aliyekaza kupita kiasi. Ufa wa kando ya tundu la chaja au la USB unatokana na kuchomeka kwa kupinda, na hatari yake ni kwamba tundu lenyewe likilegea linavuta ubao wa ndani.

Na ipo mitandao ya nyufa nyembamba kama utando, inayotokea bila pigo lolote. Hiyo huwa ni kemikali. Laptop nyingi hutengenezwa kwa plastiki ya ABS au mchanganyiko wake na plastiki nyingine iitwayo polikaboneti, kwa kifupi PC. Ukifungua utaona mara nyingi imeandikwa ndani ya kava kwa herufi ndogo za kuchomoza. PC haipendani na mafuta ya kulainishia wala na gundi ya kukazia skrubu, ile ya majimaji ya buluu au nyekundu. Ikiguswa nayo huku imekazwa, inachanika yenyewe baada ya siku kadhaa. Nimeona watu wakipuliza mafuta ya kutoa kutu kwenye bawaba ya laptop kama wanavyopuliza mlango. Usifanye.

Ufa wa bawaba unautambua hivi: ukiinua kioo, kava la kibodi na kava la chini vinaachana mdomo pale pembeni, na ukifunga vinarudiana. Huo ndio wenye kazi.

Kwa nini inapasuka hapo

Bawaba ya laptop ni chuma kilichobanwa makusudi ili kioo kisimame popote unapokiacha. Upande wa chini imefungwa kwa skrubu tatu hivi, na skrubu hizo zinaingia kwenye nati ndogo za shaba, kila moja kama punje ya mtama, zilizochomekwa kwenye vikombe vya plastiki. Vikombe hivyo ndivyo vinavyobeba kila kitu.

Sasa piga hesabu. Kutoka bawaba mpaka ukingo wa kioo ni kama sentimita 22. Kutoka bawaba mpaka skrubu ni kama 2. Bawaba ikiwa ngumu haizunguki, nguvu ya kilo moja unayotia pale juu inafika kwenye vikombe ikiwa kilo 11. Ukiinua katikati, bawaba mbili zinagawana. Ukiinua kwa kona, moja inabeba karibu yote na kupindwa juu yake. Sisi wa pwani tunaongezewa na kutu.

Kuifungua

Unahitaji bisibisi ndogo za kichwa cha nyota, PH0 na PH00, na kwa baadhi ya mashine Torx T5, ile yenye ncha sita. Kadi ya benki iliyoisha muda. Trei ya mayai au karatasi kubwa. Karatasi ni bora: chora umbo la tumbo la laptop, na kila skrubu uliyotoa uichomeke mahali pake kwenye mchoro. Skrubu hazilingani urefu. Ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inatoboa kava la juu au ubao, na huo ni ufa mwingine uliojitengenezea.

Zima kabisa, chomoa chaja. Baadhi ya skrubu hujificha chini ya mipira ya miguu. Kwa Dell, HP na Lenovo, mwongozo wa matengenezo wa modeli yako unapatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji, pamoja na michoro. Usome kwanza wote. Pitisha kadi kwenye mshono ukianzia mbali na ufa. Kava likishatoka, kabla ya lolote, chomoa plagi ya betri kwenye ubao. Kisha piga picha ya ndani, kila waya ulipopita.

Bawaba kwanza

Nilipoipeleka yangu Kariakoo, fundi aliichungulia kidogo akaniuliza, "Bosi, gundi hii umeweka mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Umenipa kazi mbili."

Akatoa bawaba, akanipa mkononi. "Haya, ikunje." Nilijaribu kwa vidole vyote. Haikwenda. Akanipa ya kushoto, ikakunjika kwa ugumu wa kawaida. Nilikuwa na miezi minane ya kuinua chuma kilichogoma, kwa kutumia plastiki kama mpini.

Jaribio hilo lifanye nawe. Fungua skrubu za bawaba, ishike, uikunje. Bawaba nyingi zina nati mwishoni mwa mhimili. Ishike kwa koleo, legeza robo ya mzunguko, jaribu. Bado? Robo nyingine. Unatafuta ugumu ulio sawa kwa pande zote mbili, unaotosha kushika kioo kisianguke chenyewe, basi. Ukilegeza mno, kioo kitakulalia kila ukiandika. Bawaba isiyo na nati, iliyogongwa mwisho, hairekebishiki. Nunua jozi mpya ya modeli hiyo hiyo. Yenye kutu, nayo ibadilishe.

Ukiruka hatua hii, usiendelee na inayofuata. Utakuwa unapoteza gundi.

Kuvijenga upya vikombe

Supa gluu haifai hapa. Ikikauka inakuwa kama kioo: inavumilia kuvutwa, haivumilii kupindwa. Ikiwa bado majimaji inakimbilia kwenye nafasi nyembamba, ukiwemo mhimili wa bawaba, na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo na vibonye. Ile gundi ya bunduki ya moto nayo inalegea kwa joto, na bawaba ziko jirani na feni inapotolea hewa ya moto.

Tumia epoksi ya tyubu mbili, aina ya Araldite. Chukua ile ya kukauka polepole. Ya dakika 5 inashika haraka, lakini ya polepole kwa kawaida ina nguvu zaidi na inakupa muda wa kurekebisha mkao.

Kusanya nati za shaba zote, hata zilizobaki zimeng'ang'ania skrubu. Kwangua mabaki ya vikombe na gundi ya zamani. Piga msasa wa namba 120 mahali pote gundi itakapokaa mpaka pawe na mikwaruzo, kisha futa kwa spiriti kidogo na uache pakauke kabisa. Eneo linalong'aa halishiki.

Funga nati kwenye bawaba kwa skrubu zake, ukiwa umepaka skrubu vaselini kiduchu kwenye meno ili epoksi isizinase. Vaselini isiguse nje ya nati. Weka bawaba mahali pake bila gundi kwanza, ufungashe kava, uone kama mhimili unakaa sawa. Milimita moja ya kosa hapa utaiona kila siku kwenye kioo kilichopinda. Ukiridhika, changanya epoksi kiasi sawa kwa sawa, kama punje ya haragwe, koroga dakika nzima, weka kwa kijiti cha kuchokolea meno kuzunguka kila nati na kujaza pengo mpaka kwenye plastiki nzima. Kwa kuongeza nguvu nalaza kipande cha gozi, ile bandeji nyepesi ya duka la dawa, nikiilowesha epoksi ndani na nje. Wengine hukata bati la kopo la soda. Mimi siliweki, maana bati likichomoka linatua kwenye ubao wenye umeme.

Angalia kimo. Kava la chini lazima lifunge, kwa hiyo gundi isipande juu ya usawa wa vikombe vya zamani. Angalia tena mhimili: tone moja likiingia, bawaba imeganda na umerudi ulikoanza.

Acha saa 24. Usijaribu saa ya sita "kuona kama imeshika". Wakati wa baridi iache zaidi. Kisha toa skrubu, zifute vaselini, zirudishe kwa mkono mwepesi. Simama zinapogoma.

Plastiki ikiwa imemomonyoka kiasi cha kutobakiza kitu cha kushika, mafundi hutoboa kava na kupitisha bolti nyembamba yenye washa kwa nje. Inashika kuliko gundi yoyote na inaonekana kama mshono wa hospitali. Kwa upande wa kava la chini sina ugomvi nayo. Kwa upande wa mgongo wa kioo, hakikisha kioo kimetolewa kabla ya keekee kuingia.

Nyufa zisizobeba mzigo

Hizi hazihitaji hadithi ndefu. Kona iliyopasuka: irudishe mkao wake, weka supa gluu tone moja kwa ncha ya sindano kwa upande wa ndani, acha wazi mpaka mvuke uishe. Ufa unaotambaa: toboa kitundu cha milimita moja mwisho wake kabisa, maana ncha kali ndiyo inayosafiri, kitundu cha mviringo kinaisimamisha. Hakikisha tu nyuma yake hakuna kitu. Ukijua plastiki ni ABS tupu, asitoni kidogo itayeyusha kingo mbili zikaungana kama chuma kilicholehemiwa. Lakini asitoni haiombi msamaha: tone likidondoka kwenye kava, alama haitoki. Dawa za kufutia rangi ya kucha nyingi zina asitoni hiyo hiyo, na ndiyo maana hazifai kusafishia laptop.

Kama unampa fundi, au unabadilisha kava zima

Mwulize swali moja: "Bawaba utaifanyaje?" Akijibu habari za gundi tu, mshukuru uendelee na safari. Mwambie aifungue ukiwepo, na piga picha ya RAM na diski pamoja na lebo zake, hapo hapo, bila aibu. Fundi mwaminifu haoni vibaya.

Kava jipya linatafutwa kwa namba ya kipande, si kwa jina la laptop. Modeli moja inaweza kuwa na makava matatu tofauti kutegemea kibodi, kitambua alama za vidole na matundu ya pembeni. Lenovo huiita FRU, Dell DP/N, na mara nyingi imebandikwa ndani ya kava lenyewe; kwa HP itafute kwenye mwongozo wa matengenezo. Piga picha lebo hiyo ndipo uende Mtaa wa Aggrey, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi. Ujue pia kwamba kwenye mashine nyingi kibodi imegongomelewa kwenye kava la juu kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa, kwa hiyo huuzwa pamoja, na bei hupanda. Kava la mtumba kutoka mashine iliyokufa ubao ni zuri tu, mradi ukague vikombe vyake vya bawaba kwa macho yako. Mengi yaliuzwa kwa sababu hiyo hiyo.

Siku ya kwanza

Rudisha plagi ya betri, washa ikiwa bado haina skrubu zote, sogeza kioo polepole kutoka mwanzo hadi mwisho huku ukitazama picha. Ikipepesa, waya umebanwa. Fungua uupitishe upya. Ikitulia, maliza skrubu.

Kisha kata kipande cha selotepu ya karatasi, ukibandike pale ufa ulipoishia, uchore mstari kwa kalamu na kuandika tarehe. Ufa ukivuka mstari, bawaba bado ni ngumu, rudi kwenye nati ya mhimili. Wangu una mwaka na miezi miwili, wino umeanza kufifia, na ufa bado uko upande wake. Chai naiweka mezani kwanza.